BANDARI YA KILINDINI: MLANGO WA NCHI NYINGI

Mkulima wa kahawa wa Nyeri huenda asiione bahari maisha yake yote. Hata hivyo mbolea aitiayo shambani, na mafuta yaendeshayo lori lichukualo mavuno yake, vyote hufika kwa njia ya bahari; na kahawa yake hupita baharini ikienda kwa wanunuzi wa Ulaya. Mlango wa kuingilia na kutokea ni mmoja, nao ni bandari ya Kilindini, Mombasa. Mlango huo ukikwama, hasara humfikia hata mtu aliye mbali sana.

Kwa nini Kilindini

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Upande wa mashariki, karibu na Ngome ya Yesu, iko Bandari ya Kale. Humo majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalifika kwa upepo wa kaskazi na kurudi makwao kwa kusi. Lakini pale ni pembamba kwa meli kubwa. Upande wa magharibi maji yana kina kirefu tena yametulia, kwa maana nchi imeyakinga pande zote. Jina lenyewe latokana na neno “kilindi”.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Miaka ile meli zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikashushwa katika matishali kwanza, kisha ikapelekwa pwani. Mzigo mmoja ulishikwa mara mbili, na gharama ikazidi. Mwaka 1926 magati mawili ya kwanza ya maji ya kina yalifunguliwa, na tangu hapo meli iliweza kufunga kamba ukingoni kabisa, karibu na mabehewa ya reli.

Meli ifikapo

Nahodha mgeni haingii bandarini peke yake. Rubani aijuaye miamba na mikondo ya mahali pale humwendea baharini kwa mashua, akapanda melini na kuongoza njia kati ya maboya. Meli ikaribiapo gati, mashua zenye nguvu huisukuma na kuivuta taratibu, maana meli kubwa haisimami upesi.

Kila shehena ina mahali pake. Mafuta hupita katika mabomba, na tangu mwaka 1978 bomba refu huyapeleka hadi Nairobi. Ngano huondolewa melini kwa mitambo, nayo magari hushuka kwa magurudumu yake yenyewe. Kabla bidhaa hazijatoka, maofisa wa forodha hulinganisha hati na shehena na kutoza ushuru upasao.

Makasha ya chuma

Badiliko kubwa kuliko yote lilianza Marekani mwezi wa Aprili 1956, meli Ideal X ilipochukua makasha 58 kutoka Newark hadi Houston. Makasha ya namna hiyo baadaye yalipewa vipimo vya namna moja duniani kote, hasa futi 20 na futi 40. Kwa hiyo kasha lililofungwa China laweza kuhamishwa toka meli hadi gari moshi au lori bila kufunguliwa njiani. Mwaka 2023 makasha zaidi ya milioni 1.6, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, yalipita Mombasa.

Faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Zamani magenge ya makuli yalibeba magunia mgongoni kwa siku nyingi kuimaliza meli moja. Sasa winchi na watu wachache huimaliza kazi kama hiyo kwa saa chache. Lakini nguvu ya makuli wale haisahauliki. Walipogoma Januari 1947, na tena Machi 1955, wakitaka mshahara wa kuwatosha, kila mtu alitambua ya kuwa winchi bila mikono ya watu ni chuma kitupu.

Jambo la majirani wote

Uganda, Rwanda na Burundi hazina pwani, nazo hutegemea sana bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mapema mwaka 2008, fujo zilipofunga njia nchini Kenya, mafuta yaliadimika Kampala na Kigali. Tena chai ya nchi hizo, pamoja na ya Kenya, huuzwa kwa mnada mjini Mombasa.

Meli hulipiwa kila siku ikaayo, iwe yafanya kazi au yangoja. Hati ikikosewa, au winchi ikiharibika, gharama ya kungoja huongezwa katika bei ya bidhaa. Na mwisho hulipwa na anunuaye mfuko wa mbolea, au hupunguzwa katika malipo ya mkulima. Kwa sababu hiyo, kazi ifanywayo vizuri gatini ni manufaa ya watu wa bara sawasawa na watu wa pwani.