Je, Wajua? Mrusi Aliyesukumwa na Upepo Hadi Afrika

Je, wajua kwamba zaidi ya miaka 20 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga India, mfanyabiashara wa Kirusi alikwisha kufika huko? Huyo ni Afanasy Nikitin, mwenyeji wa Tver, mji wa kando ya mto Volga. Aliteremka na mto kwenda kuuza bidhaa, lakini karibu na Astrakhan akaporwa. Hata hivyo akasonga mbele: Derbent, Baku, Uajemi, mpaka Hormuz. Hapo akapanda jahazi na farasi dume wa kwenda kumuuza India.

Alipofika Junnar huko India, mtawala alimpokonya farasi na kumtaka asilimu ndipo amrudishie. Aliyemwokoa ni Mwislamu wa Khorasan aitwaye Muhammad, aliyekwenda kumwombea. Nikitin akapata farasi wake bila kubadili dini.

Safari ya kurudi ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Bahari ya Hindi. Jahazi lilisukumwa hadi pwani ya Afrika, nchi aliyoiita Ethiopia. Walikaa siku 5, wakawagawia wenyeji mchele, pilipili manga na mikate ili wasiporwe, kisha wakaelekea Muscat.

Nikitin alifariki katika miaka ya 1470 kabla ya kufika Smolensk, lakini daftari zake za safari zilifika Moscow. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanahistoria Nikolai Karamzin aligundua nakala ya maandishi hayo katika maktaba ya monasteri. Kitabu hicho, Safari Ng'ambo ya Bahari Tatu, kinamalizika kwa sala ya Kiarabu kwa herufi za Kirusi, Bismillahi ikiwemo! Kwangu mimi kinashinda historia nyingi za wafalme, maana anayesema humo ni mchuuzi mwenye hofu, imani na hesabu za bei.

Je, wajua pia kwamba sauti za watu wa kawaida kama yeye zimo katika barua ambazo Warusi wa kale waliandikiana juu ya magome ya miti? Ya kwanza ilifukuliwa Novgorod mwaka 1951. Katika barua hizo mna madeni, posa na ugomvi wa majirani. Mtoto Onfim wa karne ya 13, anayekadiriwa kuwa na miaka 6 au 7, aliandika alfabeti, kisha akajichora juu ya farasi akimchoma adui mkuki. Mpaka sasa zaidi ya barua 1,100 zimepatikana katika mji huo, na uchimbaji ungali unaendelea.