Modemu Inaweza Kukuunganisha na Mtandao Bila Kufungua Programu ya Kampuni

Mkaazi anayetumia modemu ya USB huona jambo lile lile kila anapoichomeka kwenye kompyuta. Dirisha la kampuni ya simu hufunguka, hutafuta modemu, na kwa kompyuta kuukuu linaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kitufe cha kuunganisha kuonekana. Siku nyingine dirisha hukwama kabisa. Wengi huamua kwamba modemu imeharibika, wakanunua nyingine, au wakaenda kwa saiba na kumwachia mtu wasiyemjua nenosiri la iTax ili awajazie ritani za ushuru.

Mara nyingi modemu huwa haina tatizo lolote. Iliyokwama ni programu, na kompyuta inaweza kuunganishwa na mtandao bila programu hiyo kufunguliwa.

Modemu hufanyaje kazi?

Modemu ya USB ni kama simu ndogo isiyo na kioo wala spika. Ndani yake mna laini kama ile ya simu ya mkononi. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuunganisha, programu huiagiza modemu ipige nambari *99#. Nambari hiyo haimpigii mtu. Inauomba mtambo wa kampuni ufungue njia ya data. Mtambo ukikubali, kompyuta hupewa anwani ya mtandao, na mtumiaji anaweza kufungua tovuti.

Kazi hiyo ya kupiga *99# imo pia ndani ya Windows yenyewe, tangu enzi ambapo watu waliingia mtandaoni kupitia simu za mezani.

Jambo la kuzingatia kabla ya kuanza

Programu ya kampuni isifutwe. Modemu nyingi, zikiwemo za Huawei na ZTE, zikichomekwa mara ya kwanza hujitambulisha kwa kompyuta kama diski ya CD. Programu inapowekwa, huja pamoja na faili zinazoiwezesha kompyuta kuitambua modemu. Programu ikiondolewa, huenda faili hizo zikaondoka nayo. Iachwe ilipo, ila isifunguliwe.

Hatua za kufuata

1. Chomeka modemu na usubiri taa yake iwake. Dirisha la kampuni likijifungua lenyewe, lifunge kabisa.

2. Fungua "Control Panel", kisha "Network and Sharing Center", kisha "Set up a new connection or network".

3. Chagua njia ya "Dial-up". Kwenye baadhi ya kompyuta utapitia kwanza "Connect to the Internet".

4. Mahali pa nambari ya simu andika *99#. Kwa laini ya Safaricom, jina la mtumiaji ni saf na nenosiri ni data. Kwa laini za kampuni nyingine ambazo hazihitaji maneno hayo, acha nafasi hizo wazi.

5. Weka alama ili kompyuta ikumbuke nenosiri, upe muunganisho jina utakalolikumbuka, kisha bonyeza "Connect".

Hatua hizi hufanywa mara moja tu. Baada ya hapo, mtumiaji hubofya alama ya mtandao iliyo pembeni chini upande wa kulia, akachagua jina alilolipa muunganisho wake na kuunganisha.

Ikikataa kuunganisha

Kompyuta ikionyesha kosa nambari 633, mara nyingi maana yake ni kwamba programu ya kampuni bado iko wazi na inaishikilia modemu. Modemu haiwezi kupokea amri za kupiga kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja. Funga programu, chomoa modemu, ichomeke tena na ujaribu upya.

Kama laini imefungwa kwa PIN, Windows inaweza kushindwa kuunganisha bila kueleza sababu. Iweke laini kwenye simu na uondoe PIN hiyo. Hata hivyo, laini isiyo na PIN inaweza kutumiwa na yeyote atakayeiokota. Modemu ikipotea, iarifu kampuni ya simu mara moja ili laini ifungwe.

Iwapo laini iliyo ndani ya modemu ni ya kampuni tofauti na iliyoiuza, huenda modemu haijui jina la njia ya data, yaani APN. Fungua "Device Manager", nenda kwenye "Modems", bofya modemu yako kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties" kisha "Advanced". Katika nafasi ya amri za ziada andika AT+CGDCONT=1,"IP","safaricom". Kwa laini ya kampuni nyingine, weka APN ya kampuni hiyo mahali pa neno safaricom. Wahudumu wa kampuni husika wataitaja ukiwapigia simu.

Unachokosa usipofungua programu

Programu ya kampuni huonyesha data iliyotumika na jumbe za SMS. Asiyeifungua hana budi kuangalia salio kwa njia nyingine. Mwenye laini ya Safaricom anaweza kuiweka kwenye simu na kupiga *544#. Jambo hili si la kupuuzwa, kwani data ikiisha, matumizi yanaweza kuendelea kukata salio la kawaida la simu.

Kwa sababu hiyo hiyo, ni muhimu kukata muunganisho kazi inapokwisha. Kufunga tovuti pekee hakutoshi. Windows inaweza kuendelea kupakua visasisho kimyakimya na kumaliza data iliyonunuliwa kwa ajili ya kazi nyingine. Bofya tena alama ya mtandao, kisha uchague "Disconnect". Visasisho vyenyewe ni muhimu kwa usalama wa kompyuta, hivyo vipakuliwe palipo na mtandao usiopimwa.

Kwa nini mwananchi ajue haya?

Huduma nyingi za serikali sasa zinaombwa mtandaoni, na nyingine zina siku ya mwisho. Ritani za ushuru za watu binafsi hufungwa Juni 30 kila mwaka, na anayechelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiwango kilicho juu zaidi. Maombi ya mikopo ya HELB na zabuni zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu pia yana tarehe zake, wala hayasubiri dirisha lililokwama lifunguke.

Anayeshindwa hata baada ya kufuata hatua hizi anaweza kufika katika kituo cha Huduma kilicho karibu na kusaidiwa kujaza ritani. Nenosiri lake abaki nalo mwenyewe.