Usukani ni amana: Neno kwa kijana anayeingia katika udereva wa malori

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ijumaa moja, watu walipokwisha kutawanyika msikitini, kijana mmoja alibaki nyuma akinisubiri penye birika la udhu. Baada ya salamu akasema: "Ustadhi, nina mwaka sasa ni utingo katika lori la mizigo ya nchi za nje. Dereva wangu ananifunza kazi, na kila tukirejea hunipa fungu la fedha za mafuta tuliyouza njiani. Huniambia kwamba huo si wizi, ni ujuzi wa mguu wake. Mwakani nataka nikasome nichukue leseni ya malori. Je, haya ninayojifunza ndiyo udereva, au nimeanza vibaya?"

Swali hili halijibiwi kwa neno moja la halali au haramu, kwani ndani yake mna riziki ya kijana, haki ya mwenye mali, na roho za watu walioko barabarani. Na kwa kuwa vijana wengi wa Kiislamu wa mwambao na bara wanaitafuta kazi hii, tumeona tulijibu hapa ili wengine nao wanufaike.

Kazi yenye asili tukufu

Kwanza kijana ajue kwamba kubeba mali ya watu kutoka mji hadi mji si kazi ya watu duni. Mtume wetu (S.A.W.), akiwa na umri wa miaka ipatayo 25 na kabla ya kupewa utume, alisafiri na msafara hadi Sham akiwa amekabidhiwa bidhaa za Bibi Khadija (R.A.). Mali haikuwa yake, na mwenye mali alibaki Makka asione kinachotendeka njiani. Aliporejea na hesabu kamili, uaminifu wake ulimvutia bibi yule hata ikawa sababu ya ndoa yao. Watu wa Makka walikuwa wamekwisha kumpa jina la Al-Amin, yaani mwaminifu.

Lori la leo limechukua nafasi ya ngamia. Linapakia bandarini Dar es Salaam, linapita Morogoro, Iringa na Mbeya, linavuka mpaka Tunduma, linaikata Zambia hadi Kasumbalesa na kuingia Lubumbashi nchini Kongo. Linakwenda na bidhaa na kurudi na shaba. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Katika njia yote hiyo tajiri haoni mkono wa dereva. Kwa hiyo, kabla ya kuulizwa kama anajua kubadili gia, dereva anapaswa kuulizwa kama ni mtu wa kuaminika.

Mlango wa kuingilia

Wengi huanza kama alivyoanza kijana wetu, yaani utingo. Hiyo ni shule yenye manufaa. Utingo hujifunza kufunga turubai na minyororo, kukagua tairi, kumwaga maji yanayojikusanya katika mitungi ya breki za upepo, na kumwongoza dereva anaporudisha tela nyuma. Hujifunza pia kuweka alama za pembetatu zinazoakisi mwanga gari linapoharibika, badala ya kutegemea matawi ya miti pekee ambayo usiku mtu huyaona akiwa amekwisha kuyafikia.

Hata hivyo, utingo si leseni. Kumwachia utingo usukani kwa sababu dereva amechoka ni kuvunja sheria ya nchi na kuhatarisha nafsi zisizo na hatia. Njia iliyo sahihi ni chuo. Kijana hujifunza kwanza gari dogo na kupata leseni ya daraja D, kisha baada ya kupata uzoefu huendelea na mafunzo ya magari makubwa ya mizigo, ambayo leseni yake ni daraja E. Mafunzo hayo hutolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, na pia na VETA. Polisi wa usalama barabarani ndio wanaompima dereva, na Mamlaka ya Mapato (TRA) ndiyo inayotoa leseni. Anayenunua leseni bila kupimwa amenunua ushahidi wa uongo, na ataubeba mfukoni kila siku anapoingia barabarani.

Dereva wa mizigo ya nje anahitaji pia pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari inayotambulika katika nchi anazopita. Tena ajue vipimo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, gari na mzigo pamoja. Mizani ya Vigwaza, Mikese, Mikumi, Wenda, Makambako na Mpemba ipo kwa ajili hiyo. Kumhonga mpimaji ili mzigo uliozidi upite ni dhuluma kwa umma uliojenga barabara, na mhongaji na mhongwaji wote wana sehemu yao katika dhambi hiyo.

Mafuta ya mteremkoni

Sasa turejee kwenye swali lenyewe. Ule ambao dereva wake anauita ujuzi wa mguu ni huu: lori linapofika mteremkoni, dereva huondoa gia na kuliacha litelemke kwa uzito wake. Lita anazodhani ameziokoa hunyonywa kutoka tangini na kuuzwa kwa madumu kando ya njia.

Tuangalie kwanza jambo hilo kwa jicho la ufundi. Lori lililo katika gia ndogo huzuiwa na injini yenyewe, na breki husaidia tu. Likiondolewa gia, uzito wote wa tani hamsini na kitu hubaki juu ya breki peke yake. Breki zinazobanwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu ya kushika. Dereva akizikanyaga mara kwa mara, upepo ulio katika mitungi hupungua upesi kuliko injini inavyoujaza, kwa kuwa injini inazunguka polepole. Hapo ndipo anapokumbuka gia, na gia hazikubali tena, kwa sababu mwendo umekwisha kuzidi. Aliyewahi kushuka Kitonga akitoka Iringa na mzigo wa shaba, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, au aliyeuona mteremko wa Iwambi nje ya jiji la Mbeya, anajua kwamba hapo hapana nafasi ya pili.

Na faida yake ni ndogo kuliko wanavyoidhania. Injini za dizeli za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa katika gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedali. Injini iliyoondolewa gia haikati mafuta, bali huendelea kunywa kidogo kidogo ili isizime. Kwa hiyo katika mteremko mkali mtu huhatarisha roho yake, ya utingo wake na ya abiria wa basi linalopanda, kwa ajili ya lita ambazo huenda hakuziokoa kabisa.

Tuangalie pili kwa jicho la sheria. Mafuta yaliyomo tangini ni ya mwenye gari, na dereva amekabidhiwa ayatumie katika kazi maalumu. Kama wamekubaliana waziwazi kwamba kitakachobaki ni cha dereva, basi ni haki yake kwa sharti walilowekeana, mradi tu asikipate kwa kuhatarisha watu. Kama hakuna makubaliano hayo, kilichobaki ni cha mwenyewe, na kukiuza kwa siri ni khiyana. Siri yenyewe ni dalili, kwani mtu hafichi kilicho halali yake. Katika Suratul-Muuminun, kuchunga amana kumetajwa miongoni mwa sifa za waumini waliofaulu. Na utingo anayepokea fungu lake huku akijua limetoka wapi ni mshirika, hata kama mkono wake haukushika mpira wa kunyonyea.

Ndugu msomaji, mafuta yana fitna. Sote tunakumbuka Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, katika siku za kuelekea Idi el-Hajj, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Dereva wa lori la mafuta lililopata ajali, maadamu ana uwezo wa kusimama, ana wajibu wa kuwafukuza watu wasisogee na kuwaita askari mara moja, kabla ya kuhesabu hasara ya tajiri.

Tajiri naye ataulizwa

Haitakuwa insafu tukimlaumu dereva na kumnyamazia mwenye gari. Wako matajiri wanaomtuma mtu Lubumbashi bila mkataba wa maandishi, wakimlipa posho ya safari tu, na gari likikaa siku nyingi foleni Kasumbalesa posho inakwisha naye anabaki na njaa. Wako wanaompigia simu usiku wa manane kumhimiza afike kesho, hali wanajua kwamba hajalala. Kisha wanashangaa mafuta yanapopungua.

Dhuluma ya tajiri haihalalishi wizi wa dereva, lakini nayo ina hesabu yake. Mtume (S.A.W.) amesisitiza sana kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake bila ya kucheleweshwa. Na sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri atoe masharti ya kazi kwa maandishi, imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa moja baada ya saa tano za kazi mfululizo. Kijana anayeanza asione haya kuuliza kabla ya kupanda gari: mshahara ni kiasi gani mbali na posho? Michango ya NSSF inapelekwa? Mwajiri amejisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ili ajali ikitokea mke na watoto wasiachwe mikono mitupu? Na mafuta yanayobaki ni ya nani? Swali hilo la mwisho, likijibiwa mapema na kuandikwa, huondoa haramu nyingi.

Ibada na nyumba

Dini yetu imemwangalia msafiri kwa huruma. Safari ikifikia umbali wa kilomita 80 na ushei, kwa kauli ya wanazuoni wengi, swala za rakaa nne hufupishwa kuwa mbili, na madhehebu ya Shafi inaruhusu Adhuhuri ikusanywe na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ijumaa si wajibu juu ya msafiri, na funga ya Ramadhani anaweza kuiahirisha akailipa baadaye. Asiseme basi dereva kwamba kazi haimpi nafasi ya kuswali. Kituo kimoja cha mchana na kimoja cha jioni vinatosha, na vituo hivyo hivyo vinampumzisha macho.

Usingizi nao hauna ushujaa. Mirungi imepigwa marufuku nchini, na anayeitafuna ili asilale huahirisha tu usingizi utakaomjia kwa ghafla akiwa katika mwendo. Aegeshe gari mahali pa salama alale. Tena miji ya mipakani ina vishawishi vingi, na maradhi yaliyoanzia huko yameingia katika nyumba za wake waliosubiri kwa subira. Dereva ampigie simu mkewe, atume matumizi kwa wakati, na apime afya yake mara kwa mara. Mwili wake nao ni amana, na nyumba yake ni amana iliyo kubwa zaidi.

Nilichomwambia kijana yule

Nilimwambia hivi: kazi uliyoichagua ni njema, ila mwalimu wako amekufunza jambo moja zuri na moja baya. Chukua la kwanza, liache la pili. Fungu la mafuta usilipokee tena. Ulichokwisha kukipokea rejesha kwa mwenyewe, na kama huna sasa, weka nia ulipe kadiri utakavyopata. Ukiogopa kwamba dereva wako atakufukuza, jua kwamba wewe ndiye unayekaa kiti cha pili lori linaposhuka Kitonga bila gia, na kukaa kimya hakutakuokoa.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kurejesha nitarejesha, Ustadhi. Kumwambia dereva ndiko kugumu, maana yeye ndiye aliyenitoa kijiweni." Nikamwambia amwambie faraghani na kwa heshima, kama mtoto anavyomwambia baba yake, na aanze na habari ya breki kabla ya habari ya haramu. Aliondoka akaenda zake. Tunamwombea yeye na dereva wake, na wote walioko njiani Ijumaa hii, wafike salama na wafikishe walichokabidhiwa kikiwa kamili.

Wabillahi tawfiq.