Chakula cha vakansi kinapangwa mwezi wa tano



Mwanzo wa mwezi wa saba shule zinafungwa, na zinafunguliwa tena mwezi wa tisa. Ni miezi miwili mtoto yuko nyumbani tangu asubuhi mpaka usiku. Anachota maji, anachunga mbuzi, anabeba mavuno, anacheza na wenzake. Saa sita njaa inamkamata, na katika nyumba nyingi za vilima vyetu jiko linawashwa mara moja tu, jioni. Bamama wanasema: "Wakati wa masomo mutoto anasahau njaa, mu vakansi anakuangalia tu mu macho."

Swali ni hili: mbona nyumba inakosa chakula mwezi wa nane, wakati maharagi ya msimu B yametoka shambani mwezi wa sita? Katika makala hii tutaeleza sababu, kisha tutafanya hesabu pamoja. Mtaona kwamba chakula kinachohitajika kwa watoto si kingi kama tunavyodhani. Shida ni kwamba hakuna aliyekiweka pembeni.

Mikono mitatu kwenye mfuko mmoja

Msimu B tunapanda kuanzia katikati ya mwezi wa pili, na maharagi tunavuna karibu na mwezi wa sita. Wakati huo mikono mitatu inaingia kwenye mfuko uleule.

Mkono wa kwanza ni franga. Kuna deni la dukani, kuna ndoa za kiangazi, kuna minervali ya walio sekondari. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini daftari, viatu na yuniformu bado tunanunua. Kila mtu anauza siku zilezile, kwa hiyo bei inaanguka. Mchuuzi anajaza lori na kushuka nalo Bukavu.

Mkono wa pili ni chungu cha kila siku. Mkono wa tatu ni mbegu, maana katikati ya mwezi wa tisa mvua inarudi na msimu A unaanza.

Mwezi wa nane franga zimeisha na chungu kinadai. Kinachobaki ndani ni mbegu peke yake, na familia inaila. Mvua ikija inabidi kununua mbegu kwa bei ya juu, au kupanda kidogo. Mavuno ya mwezi wa kwanza yanakuwa haba, na deni jipya linazaliwa. Kwa hiyo njaa ya vakansi haimalizwi na kengele ya shule. Inaingia shambani na kukaa humo mwaka mzima.

Wageni wadogo kutoka mjini

Kuna jambo lingine ambalo komite nyingi hazilihesabu. Familia ngumu za Kadutu, Panzi au Essence, vakansi ikifika, zinatuma watoto kwa nyanya kule Kabare au Walungu, "bakakule mbichi". Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, benki zilifungwa na kazi nyingi za mjini zilikatika. Nyanya aliyekuwa na wajukuu wawili nyumbani anajikuta nao watano. Hakuna anayeweza kuwafukuza, na si vizuri kuwafukuza. Lakini lazima wahesabiwe mapema.

Je, msaada hautakuja?

Pale ambapo PAM inasaidia kantini ya shule, sahani ile inafuata kalenda ya shule: mlango ukifungwa, na sufuria inafunikwa. Shule nyingi za vijiji vyetu hazina kantini hata kidogo. Tena tulishaona kwamba depo kubwa inaweza kupotea kwa siku moja: mwezi wa pili 2025 depo za PAM mjini Bukavu ziliporwa, karibu tani 7000 za chakula.

Hata nchi za kitajiri zina shida hii. Uingereza, mwaka 2020, mchezaji wa mpira Marcus Rashford, ambaye alikulia katika familia ya kipato kidogo, aliwaandikia wabunge barua ya wazi akidai watoto wanaokula bure shuleni wapewe pia chakula cha vakansi. Serikali ilikuwa imekataa. Siku iliyofuata ilikubali. Kule wananchi waliidai serikali yenye hazina. Sisi hazina iliyo karibu ni mavuno yetu, na mahali pa kuidai ni kwenye mkutano wa kooperative.

Hesabu ya mtoto mmoja

Tuchukue mtoto wa shule ya msingi. Kwa chakula cha saa sita tumwekee gramu 50 za maharagi makavu kwa siku. Yakiiva yanazidi mara mbili kwa uzito, na yanamtosha pamoja na viazi, ndizi au bugali kidogo.

Gramu 50 mara siku 60 ni kilo 3. Watoto wanne ni kilo 12. Basi!

Sasa linganisha. Shamba la ari 10 likitoa kilo 60, toa kilo 12 za watoto na kilo 10 za mbegu. Zinabaki kilo 38 za kuuza na za chungu cha jioni. Ni kweli, kilo 12 zingeleta franga fulani mwezi wa sita. Lakini mwezi wa nane utanunua maharagi hayohayo kwa bei kubwa zaidi, tena kwa kopo.

Ili usitumie mzani kila siku, pima mara moja kwenye mzani wa kooperative: ona konzi yako mwenyewe ina gramu ngapi. Baadaye mkono wako utakuwa mzani.

Mabido matatu

Maharagi yanashambuliwa na vidudu vinavyotoboa, na mara nyingi mayai yao yanatoka nayo shambani. Njia rahisi ya kuviua bila dawa ni kuvinyima hewa. Fanya hivi:

1. Kausha maharagi vizuri juu ya shiti, si juu ya udongo. Ili kujua kama yamekauka, tia chumvi kavu na maharagi kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, yana maji bado. Isiposhika, yako tayari.

2. Tafuta mabido matatu ya lita 5. Yaoshe kwa sabuni, yakauke kabisa. Bido lililobeba dawa ya shamba au petroli lisitumike kamwe.

3. Jaza mpaka shingoni huku ukitikisa, pasibaki nafasi ya hewa. Bido moja linachukua karibu kilo 4. Funga kizibo kwa nguvu, weka kipande cha mpira kama kinavuja.

4. Fungua la kwanza shule zikifungwa, la pili karibu na tarehe 20 ya mwezi wa saba, la tatu karibu na tarehe 10 ya mwezi wa nane. Mawili yanayongoja yasiguswe.

Kwa nini madogo matatu na si moja kubwa la lita 20? Kwa sababu kila ukifungua, hewa inaingia na vidudu vinapumua. Tena bido lililofungwa ni mlinzi: ni vigumu kuuza nusu yake kwa siri.

Mbegu iwe na bido lake, lenye alama tofauti.

Mboga, uji na samaki kidogo

Maharagi peke yake hayatoshi. Kiangazi mboga za mlimani zinakauka, lakini mabonde ya maji ndiyo yanaanza msimu C. Lengalenga iliyopandwa mwanzo wa mwezi wa sita inaanza kuvunwa baada ya majuma matatu au manne, yaani shule zikifungwa. Panda kidogo kila baada ya majuma mawili, isitoke yote kwa wakati mmoja. Asiye na bonde atengeneze vitanda viwili karibu na nyumba na kumwagilia maji yaliyooshea mboga na vyombo, bila sabuni. Majani ya viazi vitamu na ya maboga ni chakula pia.

Kwa asubuhi kuna uji wa masoso: makopo mawili ya mahindi, moja la mtama, moja la soja. Soja lazima ikaangwe kwanza, kwa maana ikiwa mbichi inasumbua tumbo na mwili hauifaidi vizuri. Kiganja cha sambaza kavu za ziwa Kivu, zikisagwa na kutiwa ndani ya sombe au maharagi, kinampa mtoto nguvu ambayo bugali ya mihogo haina.

Kwa wenye shamba dogo, maharagi ya kupanda kwenye miti yanatoa zaidi kuliko yale mafupi. Kituo cha INERA Mulungu, kule Kabare, kimeyafanyia kazi miaka mingi, pamoja na aina zenye chuma kingi zinazosaidia kuongeza damu. Ulizeni mbegu hizo kabla ya msimu.

Onyo juu ya mihogo michungu

Kiangazi maji ni ya taabu na njaa ina haraka. Wengine wanapunguza siku za kuloweka mihogo. Ni hatari. Sumu inayobaki, kwa mtu asiyekula maharagi wala samaki, inaweza kuleta konzo: miguu inakakamaa ghafla na haiponi. Watoto na bamama ndio wanaopata zaidi. Ugonjwa huu umeshaonekana katika jimbo letu, kule Burhinyi. Mihogo michungu imenywe, ilowekwe siku tatu kamili, ikaushwe vizuri ndipo isagwe.

Kazi ya kooperative

Kuna wasioweza kujaza hata bido moja: wajane, waliokimbia vita, nyanya wenye wajukuu wengi. Hapa ndipo umoja unaonekana.

Mwezi wa tano: komite iandike kila nyumba ina watoto wangapi, pamoja na wale watakaokuja kutoka mjini.

Mwezi wa sita: siku ya kupima mavuno, kila memba aache kilo moja au mbili ya watoto. Wakiwa memba 60 wakaacha kilo 2, ni kilo 120: sehemu ya watoto 40 kwa vakansi nzima. Iandikwe kwenye daftari mbele ya wote, na funguo za depo zikae kwa watu wawili, mmoja wao mama. Mwenye shida ya franga apewe mkopo mdogo wa AVEC kuliko kuuza bido la watoto.

Mwezi wa saba na wa nane: bamama wapokezane kupika sufuria moja ya saa sita kwa mtaa, angalau mara tatu kwa juma. Kuni zinapungua, na mtoto wa mjane anakula na wenzake bila haya.

Mwezi wa tisa: daftari lisomwe mkutanoni. Nini kiliingia, nini kilitoka, mbegu ziko ngapi.

Mwisho, tuangalie watoto wenyewe. Miguu ikivimba, nywele zikigeuka rangi na kuwa nyepesi, mtoto akikataa kula na kukaa kimya, usingoje kwanza umpe maharagi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, au mwite reko wa mtaa ampime mkono. Huo ni ugonjwa, na unatibika ukiwahi.

Mkutano wenu wa mwezi wa tano uwe na ajenda hii moja ya ziada: mabido mangapi, na watoto wangapi.