Skrubu ya Mashua: Njia ya Kufundisha Somo la Kutu

Katika somo la sayansi, aghalabu mwalimu huandika ubaoni kwamba chuma hushika kutu kipatapo maji na hewa, nao watoto hunakili na kukariri. Lakini waambie wachague skrubu ya kutumia baharini, utaona kwamba maneno yale hayajawafaa. Yafaa basi somo lianze kwa swali lenye uzito.

Swali ni hili. Juu ya sitaha ya mashua ya tanga hufungwa fito za mbao, ambazo baharia huzishika chombo kilalapo upande kwa upepo. Je, fito hizo zifungwe kwa skrubu za madini gani? Wakumbushe watoto kwamba skrubu ikikatika, mtu ataanguka baharini. Tena kutu hula shina lililofichwa ndani ya mbao, hali kichwa chaonekana kizima.

Usiwape jibu. Tayarisha chupa nne na misumari minne ya chuma isiyopakwa kitu. Wa kwanza utie katika chupa kavu na kuifunga. Wa pili katika maji matamu. Wa tatu katika maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, kadiri ya bahari. Wa nne uzungushie waya mtupu wa shaba, kisha utie katika maji ya chumvi kama hayo. Watoto waangalie na kuandika kila siku kwa muda wa juma moja. Wataona kwamba msumari uliofungwa shaba huliwa kuliko yote.

Hapo ndipo pa kueleza. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri: moja huliwa, la pili husalimika. Waingereza walijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1761 waliifunika manowari Alarm kwa mabamba ya shaba. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya, lakini ile iliyotengwa nayo kwa karatasi ilikuwa nzima.

Sasa rudini kwenye swali. Chuma kilichopakwa zinki hukingwa kwa muda, maana zinki huliwa kwanza. Ikiisha, zamu ni ya chuma. Shaba ya manjano huonekana nzima, kumbe bahari imeinyonya zinki iliyomo na kuiacha dhaifu. Bronzi yenye silikoni hustahimili vizuri. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na ngozi nyembamba itokanayo na kromi. Kwa bahari, aina ya 316, yenye molibdeni, ndiyo bora kuliko zile za kawaida. Hata hivyo ngozi hiyo huhitaji hewa. Maji yakituama ndani ya tundu la skrubu, nayo huharibika. Kwa hiyo tundu lizibwe barabara, na skrubu na washa yake ziwe za madini ya namna moja.

Mwisho, katika kupima, usiulize, “Kutu ni nini?” Mpe mtoto skrubu za aina mbalimbali, achague moja na kutoa sababu. Atakayeuliza kwanza, “Itagusana na nini, na maji yatakaa wapi?” huyo amelielewa somo.