Wali wa mgahawani: Uliza umepikwa saa ngapi

Ukishuka basi Korogwe, au ukiingia kwa mama ntilie Handeni, wali samaki ndio mlo wa haraka. Tumbo likivurugika tunamlaumu samaki, kumbe mara nyingine mkosaji ni wali.

Mchele huweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi kwenye sufuria ya uvuguvugu, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Ukiupasha moto tena, sumu ya kutapisha hubaki. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6.

Wapishi wa sushi, chakula cha Kijapani cha wali uliopoa na samaki, mara nyingi mbichi, hutia siki kwenye wali. Ukali wake huzuia bakteria kuzaliana. Wali wetu hauna siki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chagua wali unaofuka mvuke. Nyumbani, kiporo kisikae nje zaidi ya saa 2. Kiweke kwenye friji. Huna friji? Pika wa kutosha mlo mmoja.

Mtoto akitapika, mnyweshe maji ya ORS kidogo kidogo. Akilegea au akishindwa kunywa, mwahishe kituo cha afya.