Figo, Chai na Daktari Mtafiti: Kweli au Uongo?

Huku Kericho na Bomet, kwenye kituo cha majani, mizani hubishaniwa kila jioni: kilo ngapi, nani kapunjwa? Habari za figo tunazimeza bila kupima. Leo nazo zipande mizanini.

“Mgongo ukiuma, figo zimeharibika.”
Uongo, mara nyingi. Kikapu cha majani mabichi chatosha kuuumiza mgongo. Figo huharibika kimya kimya, zaidi kwa presha na kisukari.

“Chai huua figo.”
Uongo kwa wengi wetu, japo chembe ya ukweli ipo. Mwaka 2015 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa Arkansas aliyekunywa glasi 16 za chai baridi kila siku, hadi fuwele za oksaleti ya chai hiyo zikaziba figo zake. Chai yetu ina maziwa, na kalsiamu ya maziwa hunasa oksaleti tumboni. Cha kupunguza ni vijiko vya sukari.

“Kazi ya daktari wa figo ni mashine ya kusafisha damu tu.”
Uongo. Mashine ni ya mwisho. Baada ya udaktari wa kawaida, daktari huyo husomea magonjwa ya ndani, kisha figo. Na wanaoingia utafitini huhangaika na swali moja: tutajuaje figo zimebaki na nguvu kiasi gani?

“Kipimo cha kreatinini hakidanganyi.”
Uongo. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu. Aliyekonda huwa nayo kidogo, akaonekana mzima kumbe mgonjwa. Utafiti wa ARK wa 2022, ambao Robert Kalyesubula wa Makerere alishiriki, uliwadunga watu wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini dawa ya iohexol na kupima kasi inavyotoka mwilini. Ikabainika kwamba hesabu za kreatinini zilizisifu figo kupita kiasi. Mizani mbovu humpunja mkulima kilo; hii ilimpunja mgonjwa muda wa kutibiwa.

“Utafiti haufiki kwetu.”
Uongo. Mwaka 2013, utafiti wa AFRICOS ulianza kuwafuatilia watu wenye VVU na wasio nao, Kericho ikiwamo, na kreatinini ilikuwa miongoni mwa vilivyopimwa.

“Povu la mkojo lisiloisha si la kupuuza.”
Kweli. Huenda ni protini inayovuja. Kijiti cha kupimia kikichovywa kwenye mkojo wenye protini hubadili rangi papo hapo, hata kama kreatinini bado inaonekana sawa. Ukienda kupimwa presha, omba na hicho.